Namna ya kukifuata kisa cha wimbo wa taarab, kuanzia kwenye kanda mpaka kwa wenyewe

Bi Mkubwa aliingia kibandani kwangu Mkunazini na kanda moja kaifunga kwenye pindo la kanga, kama mtu anavyofunga nauli. Kaja nayo kutoka Wete, Pemba, usiku mzima melini, na mkobani hakuitia kwa kuogopa isije ikabanwa na mizigo. Akafungua fundo, akaniwekea juu ya meza.

“Fundi, mwanangu, humu mna harusi ya binti wa shangazi yangu. Mna na wimbo walioimbiwa mama. Tangu mdogo nasikia kuwa siku ile walimpiga kijembe, lakini hapana aliyenieleza kwa lipi. Nataka nijue kabla nami sijamfuata.”

Kazi yangu ni kutengeneza redio na kuhamisha kanda za zamani kwenye kompyuta na simu. Nilivyoona mimi, anayeleta kanda ya taarab mara nyingi hatafuti wimbo peke yake. Anatafuta kisa: nani alitungiwa, nani alinuna, kwa nini ukumbi ulilipuka kwa vigelegele kwenye ubeti wa tatu na si wa pili. Naandika hapa njia ninayoifuata, ili kijana mwenye kanda ya bibi yake kabatini aifanye kazi hii mwenyewe kabla ukungu haujaimaliza. Na kanda ya Bi Mkubwa nitairejea mara kwa mara, maana karibu kila kosa nilikaribia kulifanya kwake.

Anza na kanda yenyewe. Usiitie redioni ukabonyeza papo hapo. Iinue mbele ya mwanga wa dirisha uutazame utepe kwa pembeni: ukiona weupe kama unga wa ngano umeganda ukingoni, huo ni ukungu, na kwetu huku penye joto na hewa ya chumvi ni kanda chache zilizosalimika. Tazama pia kile kijisponji kidogo kilichobandikwa kwenye kibati chembamba katikati ya mdomo wa kanda. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye kichwa cha redio. Kikidondoka, sauti inakuwa kama ya mtu anayesema na shuka mdomoni, na wengi hudhani kanda imekufa kumbe kinachotakiwa ni kijisponji cha kanda nyengine na tone la gundi. Kanda yenye skrubu ifungue taratibu, uhamishie mizunguko yake miwili kwenye ganda jipya. Iliyogandishwa bila skrubu itakulazimu kuipasua kwa wembe, na hapo mkono usitetemeke.

Kisha ipeleke mbele yote mpaka mwisho, uirejeshe nyuma yote, bila kuipiga. Utepe uliokaa miaka thelathini bila kuguswa hushikana tabaka kwa tabaka, na ukiupiga tu ghafla unakatika. Futa kichwa cha redio kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda moja. Vunja vile vijimeno viwili vya nyuma, ili pasitokee mtu akabonyeza kitufe cha kurikodi akafuta harusi ya watu.

Zamani, nilipoanza kazi, ilinikatikia kanda ya jirani yangu. Nikaiunga kwa selotepu ya kawaida, ile ya kufungia karatasi, nikamrudishia nikijiona hodari. Baada ya mwaka gundi ilitoka pembeni kwa joto, ikazigandisha tabaka za jirani, na kanda ikaharibika kabisa. Ndani yake mlikuwa na baba yake akipiga udi. Sauti nyengine ya mzee yule hakuna popote. Kwa hivyo nakuomba: tumia utepe maalumu wa kuungia kanda, ubandike upande ule usiogusa kichwa, na kama huna, acha kanda ilivyo mpaka upate. Kanda iliyokatika inasubiri. Iliyogandishwa na gundi haisubiri.

Ukishaisafisha, unganisha waya kutoka tundu la vipokea sauti vya redio mpaka kwenye kompyuta, sauti iwe ya kati, urikodi upande mzima kwa mkupuo mmoja. Hifadhi kwanza katika mfumo wa WAV, ambao haupunguzi kitu. Wa MP3 utautengeneza baadaye wa kutumiana kwenye simu. Na usikate chochote. Vijana wengi hukata maneno ya mtangazaji ili wimbo uanze “safi”. Wanatupa cheti cha kuzaliwa! Mtangazaji wa redio ya Sauti ya Tanzania Zanzibar alikuwa akitaja jina la wimbo, kikundi na mwimbaji, na ukipata mtu aliyeijua sauti ya mtangazaji huyo atakwambia ni ya miaka gani. Kwenye kanda za harusi, kati ya wimbo na wimbo, ndiko watu wanakoitana majina, mtoto analia, mtu anauliza sambusa zimebaki ngapi. Humo ndimo mlimo na ushahidi.

Kanda ya Bi Mkubwa ilikuwa ya dakika 60, na hilo lilikuwa bahati, kwani zile za dakika 120 utepe wake ni mwembamba sana. Upande wa kwanza ulikuja vizuri: kidumbak cha kwetu hasa, ile taarab ya vyombo vichache, yenye fidla moja, sanduku la uzi mmoja likigunguma chini, ngoma mbili za dumbak, cherewa za kutikisa na vijiti vya mkwasa. Upande wa pili ulinichanganya. Kila wimbo ulivyoendelea, sauti zilizidi kuwa nyembamba, na mwishoni waimbaji walikuwa kama watoto wa chuoni. Bi Mkubwa akasema, “Hao si wao. Hapo kanda imechanganywa na nyengine.”

Haikuchanganywa. Redio iliyorikodi ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa zikiisha. Betri zikidhoofika mota inazunguka polepole, utepe unapita polepole, na ukija kuupiga baadaye kwa mwendo wa kawaida kila kitu kinakimbia na kupanda juu. Jambo hili limewafanya watu wengi waapie kwamba mwimbaji fulani alikuwa na sauti ya kitoto, au kwamba anayeimba ni mwanamke, kumbe ni mwanamme na betri mbovu. Dawa yake: tafuta kitu kinachojirudia. Kama kuna kodiani au kinanda, vyombo hivyo havibadiliki sauti, vifanye mizani yako. Kidumbak hakina chombo cha namna hiyo, basi mimi hutumia kiitikio. Kiitikio cha mwanzo wa wimbo na kiitikio cha mwisho vimeimbwa na watu wale wale. Punguza mwendo wa kile cha mwisho kwenye programu ya sauti, kidogo kidogo, mpaka vilingane. Ilinichukua siku mbili. Nitasema baadaye kilichotokea.

Hapo ndipo unapoanza kuandika maneno, kwa mkono, kwenye daftari, ubeti kwa ubeti, na kila neno usilolisikia vizuri uliache wazi. Usilijaze kwa lile unalolitarajia. Sikio la Mswahili linapenda kumaliza shairi kabla ya mtunzi.

Silaha yako kubwa ni mizani na vina. Nitakuonyesha kwa beti ambazo kila mtu Unguja ana toleo lake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba kwenye karne ya 19 akaitwa Mtumwa. “Siti”, yaani bibi mtukufu, lilikuja baadaye. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na yeye akivitembeza vyungu kuviuza mpaka mjini. Alihamia mjini 1911, na mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurikodi santuri za kampuni ya HMV, jambo ambalo mwimbaji wa pwani yetu alikuwa hajapata kulifanya. Umaarufu ule uliwauma watu. Wakamtungia:

Siti binti Sadi kawa mtu lini
Alitoka shamba na kaniki chini
Kama si sauti angekula nini

Wengine watakuimbia “kaja mjini” badala ya “alitoka shamba”, na wengine “angelikula” badala ya “angekula”. Sasa hesabu kwa vidole. A-li-to-ka-sha-mba: sita. Na-ka-ni-ki-chi-ni: sita. “Kaja mjini” inatoa tano, “angelikula nini” inatoa saba. Mizani haihukumu moja kwa moja, kwa sababu mwimbaji anaweza kuivuta silabi moja mpaka ikawa mbili, lakini inakunong'oneza wapi maneno yamechakaa kwa kupita mdomo hadi mdomo. Na usilipite neno kaniki ukadhani ni nguo tu. Kaniki ni kitambaa cheusi cha bei nafuu, vazi la mtumwa na maskini wa shamba. Katika mji ambao utumwa ulikuwa umefutwa mwaka 1897 tu, kumwambia mtu alikuja na kaniki kilikuwa kidonda chenye jina lake la utotoni ndani yake.

Jibu la Siti linajulikana, na mizani yake imetulia sita kwa sita:

Si hoja uzuri na sura jamali
Kuwa mtukufu wa jadi kubeli
Hasara ya mtu kukosa akili

Hapakuwa na tusi hata moja. Mimi nikiusikia ubeti huu nywele husimama, kwa sababu nalifikiria lile jina la Mtumwa, halafu naisikia “jadi kubeli”, ukoo mkubwa, imewekwa pale kama kitu kisicho na uzito.

Kuna na wimbo wake wa Kijiti. Watu wanaupenda kwa mdundo, na nimesikia ukipigwa kwenye sherehe watoto wakiuchezea. Unaanza hivi:

Tazameni tazameni alivyofanya Kijiti
Kumchukua mgeni kumchezea foliti
Kenda naye maguguni kamrejesha maiti

Nane kwa nane, vina vya kati “ni”, vya mwisho “ti”. Foliti ni mchezo wa watoto wa kukimbizana. Mtunzi kalichukua neno la uwanja wa watoto, kalitia katikati ya mauaji ya mwanamke aliyekuja mgeni kutoka Dar es Salaam, na kina cha “ti” kikatuleta kwenye maiti kabla hatujajiandaa. Mwuaji alikimbilia Mrima, yaani pwani ya bara. Wimbo unaendelea mpaka mahakamani, ambako hasira za jaji ziliwashukia mashahidi. Mwimbaji alifanya kazi ambayo leo tungeitarajia kwa mwandishi wa habari, na watu wasiojua kusoma waliibeba kesi ile vichwani. Ukitaka kuyaona haya yote, sharti uandike beti zote, usiridhike na mbili zilizobaki maarufu.

Hapa kuna tahadhari moja kuhusu santuri. Upande mmoja wa santuri za zama zile ulichukua kama dakika tatu. Wimbo wa taarab barazani unakwenda dakika kumi na tano, ishirini, mtu akitunza, yaani akiinuka kuwapa waimbaji pesa, unarejeshwa ubeti. Kwa hivyo unachokisikia kwenye santuri ni kipande, na huenda kisa chenyewe kilibaki kwenye beti zilizoachwa. Waulize wazee kama wanajua “zilizobaki”. Utashangaa mara ngapi wanazo.

Nirudi kwenye daftari la Bi Mkubwa. Ubeti wa tatu, ule wenye vigelegele, niliuandika hivi: “Mbele ya wenyewe linakupa nini”. Nikaridhika. Mbele ya wenyewe, yaani hadharani. Kijembe cha kawaida. Usiku nimelala nikajiuliza: hilo “li-” la “linakupa” ni la nani? Hakuna jina lolote juu yake la ngeli hiyo. Kiswahili hakiachi kiambishi kikatangatanga bila mwenyewe. Asubuhi nikasikiliza tena, mara hii kwenye toleo nililolipunguza mwendo, na neno likajitokeza wazi kama sahani: “Dele la wenyewe linakupa nini”. Dele! Lile birika la shaba la kuchemshia kahawa. Mizani isingenisaidia, kwa maana “mbele ya wenyewe” na “dele la wenyewe” zote ni sita. Kilichonisaidia ni sarufi. Kwa hivyo ukishaandika, soma kila ubeti uhakikishe kila kiambishi kina mzazi wake.

Baada ya maneno, tafuta wakati. Tazama vitu vilivyotajwa. Wimbo unaohesabu rupia kama pesa za kila siku unanusa miaka kabla ya 1936, ambapo Zanzibar iliacha rupia ikaingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki. Wimbo unaotaja maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, hauwezi kuwa wa zama za mfalme. Sikiliza pia muziki peke yake, bila maneno. Watunzi wetu walizipenda filamu za Kihindi zilizokuwa zikionyeshwa kwenye sinema za Majestic na Empire, na walizipenda nyimbo za Misri; si mara moja shairi la Kiswahili limevishwa sauti ya filamu. Mpigie wimbo mzee wa Kihindi wa Mji Mkongwe, umwachie aimbe maneno yake ya Kihindi juu yake. Akikutajia filamu, mwaka wa filamu unakupa mpaka: wimbo wako haukuzaliwa kabla ya hapo.

Kisha nenda kwa watu, na hapa ndipo wengi wanapokosea mlango. Wanamfuata mwimbaji tu. Kwenye vikundi vyetu vikubwa, wimbo una wazazi watatu: aliyetunga shairi, aliyelitia muziki, na aliyeuimba. Anaweza kuwa mtu mmoja, lakini mara nyingi sivyo. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, ya 1958, wana wanachama wazee wanaokumbuka nani alikuja na karatasi ya shairi mfukoni siku gani. Nenda jioni wakati wa mazoezi, Kokoni au Vuga, usiende na maswali mkononi. Keti usikilize. Peleka nakala ya ulichokihamisha uwape. Mzee anayesikia fidla yake ya ujanani hahitaji kuulizwa. Nyaraka za Taifa pale Kilimani nako kupo, kwa magazeti ya zamani na kesi, kwa anayetaka kuthibitisha tarehe.

Wapigaji wa nyuma usiwasahau. Mpiga sanduku au dumbak anautazama ukumbi, wakati mwimbaji anatazama maneno yake. Swali langu kwao ni moja: “Nani alisimama kutunza?” Usiulize “wimbo huu una maana gani”, watakujibu kwa adabu kwamba ni wa mapenzi tu. Aliyeinuka na noti yake, akapita mbele ya watu polepole kwenye ubeti fulani, akageuka akatazama upande fulani, huyo ndiye kisa. Vyama vya taarab vya kina mama vilivyokuwa vikishindana, kama Sahib el-Ary na Nuru el-Uyun, viliishi kwa mambo hayo: unatungiwa leo, unajibu wiki ijayo, na anayetunza ndiye anayetia saini.

Andika kila toleo na jina la aliyekueleza na siku. Usichague mapema. Pale ambapo wimbo una madai mawili, yaandike mawili. “Malaika” Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurikodi ukaenea, Miriam Makeba akaupeleka mbali zaidi, na Adam Salim naye alidai ni wake. Mwenye adabu huyataja yote. Na usitoe uraia kwa wimbo kwa sababu unaupenda. Kila hoteli ya pwani yetu wageni wanaimbiwa “Jambo Bwana” kwa kutiwa jina la Zanzibar, wanaondoka wakiamini ni wetu. Ni wa Them Mushrooms wa Kenya, umetungwa na Teddy Kalanda Harrison, waliokuwa wakipiga kwenye hoteli za pwani yao mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wakazichukua salamu walizokuwa wakiwapa wageni wakazifanya wimbo. Kisa hicho ni kizuri kilivyo, hakihitaji kuibwa.

Mpwa wangu anatembeza wageni Mji Mkongwe. Siku moja akaniambia, “Mjomba, nikifika Shangani nawaambia Freddie Mercury alitia Bismillah kwenye ule wimbo kwa sababu ya kusikia mitaa yetu.” Nikamwuliza, amekwambia nani? Akanyamaza. Nikamketisha. Tunachokijua ni hiki: Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Maparsi, yaani Wahindi wa dini ya Zoroaster, baba yake mtunza fedha serikalini. Alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akiwa mdogo, akarejea kijana, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1975 akatoka na “Bohemian Rhapsody”, wimbo wa karibu dakika sita, na katikati yake neno Bismillah linapigiwa kelele na kwaya nzima. Wimbo wenyewe hakuwahi kuufafanua. Nikamwambia mpwa: mweleze mgeni kwamba mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa penye adhana tano kwa siku alikuja kulitia neno hilo kwenye wimbo wa roki uliozunguka dunia, halafu nyamaza. Mwache mgeni afikiri. Ukitia “kwa sababu” isiyo yako, umemsemea maiti.

Hilo la kuwasemea watu nililijifunza kwa aibu. Kwenye harusi moja ya mjini, bendi ilipopiga wimbo mmoja mkongwe, nikawasimulia wenzangu mezani kwamba ulitungiwa mwanamke fulani aliyeachwa, nikataja na mtaa. Nilikisikia hivyo kwa watu wawili. Meza ya nyuma alikuwepo binti yake. Hakusema kitu, alisimama, akachukua mkoba wake, akaondoka kabla ya chakula. Nilikwenda kwao siku ya pili kuomba radhi, na nikaambiwa mambo hayakuwa vile hata kidogo. Tangu hapo sharti langu ni kwamba kisa cha mtu aliye hai, au mwenye watoto walio hai, hakitoki kwangu mpaka wenyewe wamekisikia na kuridhia. Visiwa hivi ni vidogo. Na nyimbo za unyago ziache zilipo. Marehemu Bi Kidude alizipigia ngoma dunia nzima ikamwona, lakini mafunzo yake alikuwa akiyatoa kwa wari, wasichana waliovunja ungo, na mlango ule una wenyewe.

Sasa dele. Nilipompigia Bi Mkubwa simu nikamsomea ubeti, kimya kilitanda. Kisha akasema, “Dele la bibi.” Bibi yake mzaa baba alipokufa, dele lake la shaba lilibaki nyumbani kwa mkwe, yaani mama wa Bi Mkubwa, na shangazi alilitaka kwa kuwa ni la mama yake. Mawifi wakanuniana. Kwa hivyo kijembe kilikuwa kweli, na kilikuwa cha shangazi, mwenye harusi. Bi Mkubwa alianza kulia. “Basi ndio walimfedhehi mama mbele ya watu.”

Nikamwomba asiamue bado. Kuna fundi wa fidla, mtu mzima sana, anakaa nje kidogo ya Chake Chake, na watu wa Wete waliniambia ndiye aliyepiga siku ile. Nilikwenda. Nikamkuta barazani anasuka ukili, nikamwamkia, nikakaa mpaka alasiri, ndipo nikampa simu asikilize. Akaanza kuvichezesha vidole vya mkono wa kushoto kwenye goti lake, anazitafuta nyuzi. Ulipofika ubeti wa tatu akacheka mpaka akakohoa.

“Aliyetunza nani, ami?” nikamwuliza.

“Huyo huyo aliyeimbwa. Sisi tulimwona anainuka tukasema leo patakuwa na vita. Kaja mbele, kaingiza mkono ndani ya buibui, katoa dele. Kalisugua linameta. Kaja nalo kutoka kwake, keshakusudia kabla hata hatujaimba. Pesa hakutunza, katunza dele, kaliweka miguuni pa wifi yake.”

Usiku ule nikaisikiliza tena sehemu baada ya ubeti wa tatu, kwenye mwendo uliosahihishwa. Vigelegele vinapanda, fidla inapotea, mtu anapiga kelele “rejesha, rejesha!” Na karibu kabisa na redio, sauti ambayo kwenye kanda mbichi ilikuwa kama ya mtoto, sasa imekuwa nzito, ya mwanamke aliyekwishazaa: “Lako hilo, wifi. Nimekuletea.”

Bi Mkubwa alikuja mwenyewe kuisikiliza. Nikampa vipokea sauti, nikampigia kile kipande peke yake. Aliposikia “wifi” akaishika meza kwa mikono miwili. “Mama,” akasema. Akanitaka niirudie, nikairudia, mara ngapi sikuhesabu. Kisha akaniuliza kama naweza kuzipunguza kelele za watu abaki mama peke yake. Nikamwambia naweza kidogo. Akafikiri, akasema, “La, waache. Na wao walikuwepo.”

Nikamrudishia kanda yake vijimeno vimevunjwa, akaifunga tena kwenye pindo la kanga.